Mzabibu Ishiara: Pipa Litangulie Shamba

Katika soko la Ishiara, na katika mikutano ya wakulima wa maskimu ya upande huu wa Mbeere, neno moja limezidi kusikika: mizabibu. Husemwa kwamba nchi kavu yenye mawe na jua kali ndiyo nchi ya zabibu. Husemwa pia kwamba huko Australia mtu na mkewe na watoto wao, kwa shamba lisilo kubwa, hutengeneza mvinyo mwekundu mzito, hubandika jina la ukoo wao juu ya chupa, na chupa hiyo hununuliwa hata London kwa fedha ambazo mkulima wa ndengu hazipati kwa gunia. Basi wakulima wauliza: kama ni jua, sisi tunalo, kama ni mawe, tunayo ya kutosha na kubaki. Kwa nini tusipande?

Swali hili si la kuchekwa. Mtu aliyeona maembe yake yakioza chini ya mti mwezi wa Februari, au aliyeuza mazao yake kwa bei iliyotajwa na dalali asiyeshuka hata kwenye lori, ana haki ya kutafuta mmea mwingine. Wala mimi siandiki kumvunja moyo. Lakini nina neno moja la kusema, na nitalisema mapema ili msomaji asilitafute: mkulima wa Ishiara asipande mizabibu ili auze zabibu. Akipanda, apande kwa sababu pipa la kutilia mvinyo liko tayari, na mwenye pipa ni yeye au ni chama chake. Kama pipa hakuna, zabibu zitamtenda kama embe lilivyomtenda, tena upesi zaidi, kwa maana embe bichi huvumilia safari ya lori, na zabibu iliyoiva katika joto hili haivumilii siku mbili.

Sababu zangu nimezitoa katika habari za watu waliotutangulia.

Watu wa Barossa

Wengi hutaja Australia bila kujua mambo yalivyokwenda huko. Mzabibu haukuwa wa nchi ile. Mtu mmoja aitwaye James Busby alikusanya pingili za mizabibu Ulaya mwaka 1831 akazipeleka Sydney mwaka uliofuata. Katika Australia ya Kusini, bonde la Barossa lilianza kukaliwa na walowezi wakulima mwaka 1842, wengi wao Wajerumani wa dini ya Kilutheri kutoka Silesia. Walikuwa maskini, walima ngano na wafuga ng'ombe wa maziwa, na mizabibu waliipanda pembeni. Mzee mmoja wao, Johann Christian Henschke, alianza kutengeneza mvinyo mwaka 1868. Ukoo wake ungali unatengeneza mvinyo pale pale mpaka leo, na chupa ya shamba lao liitwalo Hill of Grace huuzwa kwa mamia ya dola.

Hapo ndipo watu huishia katika hadithi. Kuna sehemu ya kati ambayo haisimuliwi sokoni.

Kwa miaka mingi familia nyingi za Barossa hazikuwa na jina lolote juu ya chupa. Zilikuwa zikilima zabibu na kuziuza kwa makampuni makubwa, kama vile sisi tuuzavyo mtama. Mwisho wa miaka ya 1970 mvinyo mwekundu ulizidi kupita kiasi, na wanunuzi wakaanza kufunga milango. Bwana mmoja, Peter Lehmann, alikuwa msimamizi wa kiwanda kimoja. Yeye alikuwa amewaahidi wakulima, kwa kupeana mikono tu, kwamba atanunua zabibu zao. Wenye kampuni wakamwamuru asinunue. Hakukubali kuvunja neno lake. Alitafuta watu wa kutia fedha, akaanzisha kiwanda kingine mwaka 1979, na mavuno ya 1980 yakapata mahali pa kukamuliwa. Wakulima wa Barossa walimkumbuka kwa jambo hilo mpaka alipofariki mwaka 2013.

Ni hadithi njema, lakini itazameni kwa jicho la mkulima. Riziki ya familia nyingi ilitegemea kwamba mtu mmoja alikuwa mwaminifu. Je, kama asingekuwa mwaminifu? Na kweli, miaka michache baadaye, katikati ya miaka ya 1980, Serikali ya Australia ya Kusini iliwalipa wakulima ili wang'oe mizabibu, kwa kuwa zabibu hazikuwa na mnunuzi. Iling'olewa mizabibu mizee sana, ambayo babu zao waliipanda kwa mikono yao. Wakati huo huo, mwaka 1984, Robert O'Callaghan alianzisha kiwanda kidogo kiitwacho Rockford, akitumia vyombo vya zamani na kikamulio cha kapu la mbao, akanunua zabibu za mizabibu mizee ile ile ambayo wengine walikuwa wakiichoma kuni. Mvinyo wake mwekundu umekuwa mmoja wa mivinyo inayotafutwa sana katika nchi ile.

Mzabibu ni ule ule, jua ni lile lile na udongo ni ule ule. Palipokuwa na chombo cha kugeuza zabibu kuwa mvinyo na subira ya kuuweka, mzabibu ukaleta mali. Palipokosekana chombo, mzabibu ukawa kuni.

Msidhani mambo haya yamepita. China ilipotoza mvinyo wa Australia ushuru uliofika hadi zaidi ya asilimia 200, kuanzia mwisho wa 2020 hadi Machi 2024, matangi ya Australia yalijaa mvinyo mwekundu usio na pa kwenda. Walioumia kwanza ni wakulima wa Riverland, wanaouza zabibu kwa tani. Wengi walilipwa bei isiyorudisha hata gharama ya kulima.

Dodoma, nchi inayofanana na yetu

Australia ni mbali, na baridi yao ya mwezi wa Julai sisi hatuna. Dodoma ni karibu. Ni nchi kavu, yenye mtama na mbuyu na mbuzi, na mtu wa Ishiara akishuka pale hatajiona mgeni. Wamisionari wa Kikatoliki walileta mizabibu sehemu za Bihawana katika miaka ya 1950, kwa ajili ya mvinyo wa misa. Ikakubali vizuri. Wagogo wakaipanda vijijini, na aina moja nyekundu, iitwayo Makutupora kwa jina la mahali penye kituo cha utafiti, ikaenea kuliko zote. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo watu wa Barossa hawawezi hata kuliota: mavuno ya kwanza mnamo Machi na ya pili mnamo Agosti na Septemba.

Basi mngefikiri watu wa Dodoma wametajirika. Wako waliofaulu, na viwanda vipo. Lakini ulizeni historia. Kampuni ya umma iliyoitwa DOWICO ilikuwa ndiyo mnunuzi mkubwa. Ilipodhoofika na kuanguka, mizabibu mingi iliachwa ikawa kichaka. Baadaye yakaja makampuni ya watu binafsi, kama CETAWICO ya Hombolo iliyoanzishwa na Mwitaliano, na wakulima wakarudi shambani kwa matumaini mapya. Chinangali, katika wilaya ya Chamwino, kulianzishwa shamba kubwa la pamoja la umwagiliaji, kila mkulima na sehemu yake, kwa mkopo wa benki. Sisi watu wa maskimu twalijua vizuri jambo la namna hiyo! Mizabibu ilizaa. Soko ndilo lililosumbua, na mkopo haungoji soko. Miaka ya karibuni magazeti ya Tanzania yamerudia mara kwa mara habari za zabibu kuozea shambani kwa kukosa mnunuzi.

Sasa sikilizeni walivyofanya wakulima waliochoka kungoja lori. Walianza kukamua wenyewe. Kule hawasemi wanauza zabibu, husema wanauza mchuzi wa zabibu, yaani maji ya zabibu yaliyokamuliwa na kuwekwa ndani ya tangi safi, yakachachuka na kutulia. Mwenye mchuzi aweza kungoja mwezi, aweza kungoja mitatu, na mnunuzi akija na bei mbaya humwambia aende zake akarudi kesho. Mwenye zabibu juu ya mti hawezi kumwambia hivyo. Baada ya miaka mingi ya malalamiko, Serikali yao nayo imeamua kujenga kituo cha kukamulia na kuhifadhi mchuzi huko Chinangali. Nasema ni jambo jema, lakini lilikuja baada ya shamba. Lingelitangulia, watu wengi wasingeliingia katika deni.

Hata hapa Kenya yapo ya kutazama. Katika miaka ya 1980 familia ya D'Olier ilipanda mizabibu kando ya Ziwa Naivasha na kutengeneza mvinyo wake yenyewe. Siku hizi mvinyo uitwao Leleshwa hutengenezwa kwa zabibu za shamba la Morendat, sehemu hizo hizo za Naivasha. Lakini Naivasha iko juu ya futi 6,000, usiku wake ni wa baridi, na mwenye Morendat ana mali nyingine nyingi za kumshikilia mwaka wa hasara. Mkulima wa skimu hana.

Je, Ishiara patakubali?

Naamini mzabibu utaota hapa. Kuota si kazi. Kazi ni kuvuna zabibu iwezayo kufanya mvinyo mwekundu wa kuheshimika.

Sisi tuko karibu sana na Ikweta, hatufiki hata digrii moja. Mzabibu wa Ulaya na Australia hulala wakati wa baridi na kuamka wenyewe. Hapa haulali. Yabidi mkulima aulaze kwa kuunyima maji, kisha auamshe kwa kuupogoa. Tangu kupogoa hadi kuvuna ni miezi minne au minne na nusu. Mvua zetu ni mbili, Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba. Zabibu inayoiva wakati wa mvua hujaa maji, hupasuka na kuoza, na sukari yake huwa kidogo. Kwa hiyo mtu wa Ishiara apogoe katikati ya Mei, mvua inapomalizika, ili avune mwisho wa Septemba kabla ya mvua za Oktoba. Katika miezi ya kiangazi atahitaji maji ya mfereji, na wale walio mbali na mto Thuci wasijidanganye: mmea mchanga wa mzabibu bila maji utakufa.

Watu wa Dodoma huvuna mara mbili, na wengine watatamani. Kwa mvinyo mzito mimi ningeshauri mavuno moja tu, yale ya Septemba, na vichala vichache kwa kila mti. Mti ulioelemewa na matunda hutoa mvinyo mwepesi wa rangi ya maji ya kuoshea nyama.

Maadui ni wale wale wanaojulikana: mchwa watakaokula nguzo na shina, ndege watakaokuja siku mbili kabla yako, na ubwiri unga na ubwiri vinyoya wakati wa unyevunyevu. Unga wa salfa na dawa ya mrututu na chokaa ndiyo kinga ya zamani na ingali yafaa. Bwana Shamba ataeleza vipimo.

Jambo la mwisho ni usiku wetu. Usiku wa Ishiara ni wa joto, na joto la usiku huondoa ukali wa zabibu, yaani ile chachu ya asili inayofanya mvinyo uwe na uhai mdomoni. Waaustralia nao wana shida hiyo katika sehemu zao za joto, na huirekebisha kwa kuongeza tindikali ya zabibu wakati wa kuchachusha. Si siri wala si udanganyifu.

Ndani ya pipa

Wapo wanaofikiri mvinyo ni ujuzi wa Wazungu. Watu wa Mbeere, Embu na Meru wamechachusha asali kwa tunda la muratina tangu zamani, na wazee walijua vema kibuyu kipi kimeharibika na kipi kimeiva. Hamira ni ile ile. Hula sukari, hutoa kileo na hewa.

Mvinyo mwekundu hutofautiana na mweupe kwa jambo moja: huchachushwa pamoja na maganda yake. Rangi yote imo katika ganda, na ukakasi ule unaokamata ulimi umo katika ganda na mbegu. Zabibu hupondwa, hutiwa ndani ya chombo kipana, na maganda yanapoelea juu husukumwa chini mara mbili au tatu kwa siku, siku saba hadi kumi. Kisha hukamuliwa. Zabibu yenye gramu 240 za sukari kwa lita hutoa mvinyo wa nguvu ya asilimia 14, na huo ndio mvinyo mzito wanaousifu watu. Joto la chombo lisizidi digrii 30 sana. Likifika 35 hamira huanza kufa, na mvinyo hubaki na sukari na harufu mbaya. Katika banda la mabati Ishiara, mchana wa Septemba, hilo ndilo litakalotushinda kama hatukujenga vizuri. Ukuta uwe mnene, paa liwe na kivuli, na maji baridi yapitishwe pembeni mwa chombo. Pawe pia na madirisha ya chini, kwa sababu hewa inayotoka ni nzito, hukaa sakafuni, na imewahi kuua watu waliojifungia na mapipa yanayochachuka.

Baada ya hapo adui ni hewa. Pipa lisilojaa hugeuka siki. Nimeona watu wanaosafisha debe kwa kusuuza mara moja kwa maji ya mto. Katika kazi hii watu hao wafundishwe upya, au wapewe kazi ya kupogoa.

Hesabu ya robo ekari

Natumia robo ekari kwa sababu mwenye skimu asitoe zaidi ya hapo kwa jambo asilolijua. Mkipanda kwa nafasi ya mita mbili na nusu kwa moja na nusu, robo ekari huingia miti 270 hivi. Kilo mbili kwa kila mti ni kilo 540. Hizo hutoa mvinyo lita 350 kwa makadirio, nazo ni chupa 460. Hamtavuna chochote cha maana mwaka wa kwanza.

Sasa twende kwenye kodi, kwa maana hapa ndipo wengi husinzia. Sheria ya kodi ilibadilishwa Desemba 2024. Kabla ya hapo mvinyo ulitozwa kwa lita. Kwa sheria hiyo hutozwa shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya kileo halisi. Chupa ya mililita 750 yenye nguvu ya asilimia 14 ina sentilita 10.5 za kileo, basi ushuru wake ni shilingi 236. Chupa nyepesi ya asilimia 11 hulipa kama shilingi 186. Maana yake, mvinyo mzito mwekundu ndio unaolipa zaidi. Chupa 460 ni zaidi ya shilingi 108,000, na hapo sijataja leseni, stempu, chupa yenyewe wala kizibo.

Lakini sheria hiyo hiyo iliwafikiria watengenezaji wadogo wa bia. Wao waliwekewa shilingi 10 kwa sentilita badala ya 22.50. Mtengenezaji mdogo wa mvinyo hakupewa nafuu hiyo. Kwa nini? Mwenye mizabibu 270 Ishiara si mdogo kuliko mwenye kiwanda kidogo cha bia Nairobi. Tanzania imeweka ushuru mdogo kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 yake ni zabibu za nchini, na ushuru mkubwa kwa mwingine. Nafuu ya namna hiyo ingeshusha ushuru wa robo ekari yetu hadi shilingi 48,300. Hilo ni jambo la kupeleka kwa wabunge wetu, nao wana muda wa kulisikia.

Wasomaji watakumbuka kwamba kodi si jambo la vitabuni tu. Wakulima wa Mbeere na Tharaka walihimizwa walime mtama wa Gadam kwa ajili ya bia ya Senator, wakalima. Mwaka 2013 bia hiyo ikatozwa kodi ya asilimia 50, wanywaji wakapungua, kiwanda kikapunguza kununua, na mtama ukabaki kwenye magunia. Kodi ilipopunguzwa baadaye wako waliokuwa wamekwisha uza ng'ombe. Mtama angalau hukaa ghalani, na kuku hula. Wakulima wa mpunga wa Mwea nao, majirani zetu, mnamo 1998 na 1999 walikataa kuendelea kuuza mpunga wote kwa mnunuzi mmoja aliyewekwa na sheria, na mgogoro ule haukumalizika bila damu. Watu hawapigani kwa sababu ya mpunga. Walipigania haki ya kungoja bei.

Habari ya ulevi

Najua makanisa yetu, na akina mama wengi, hawatapenda habari hii. Wana sababu. Mei 2014 watu wengi wa Embu na Kitui na sehemu nyingine walikufa, na wengine wakapofuka, kwa pombe iliyotiwa methanoli. Mvinyo wa zabibu uliochachushwa kwa usafi hauleti mauti hayo. Yaliletwa na spiriti ya viwandani iliyochanganywa na watu waovu. Hata hivyo mnunuzi hatachunguza tofauti, atasema tu, pombe ya Embu. Kwa hiyo mvinyo wa Ishiara, ukiwapo, upimwe na Shirika la Viwango kila pipa, na uuzwe kwenye mahoteli na maduka ya miji kwa bei ya mvinyo. Usiuzwe kwa kikombe sokoni. Mtu atakayeuza kwa kikombe afukuzwe chamani, na hapo sina huruma.

Lifanywe nini basi

Mimi naona kamati ya skimu isiombe miche. Iombe kwanza banda moja lenye ukuta mnene, kikamulio cha kapu ambacho fundi wa Embu aweza kukiunda, na matangi machache ya chuma kisichoshika kutu. Leseni ya Kaunti na ya kodi zitafutwe kwa jina la chama cha ushirika, si la mtu mmoja mmoja. Kila familia iwe na tangi lake lenye jina lake, ili uvivu wa mmoja usiharibu jasho la mwingine. Familia ikitaka jina lake juu ya chupa, na ilipate kwa mkono wake.

Na pipa la kwanza lisiwe la zabibu. Liwe la embe, mwezi wa Februari wakati embe halina bei, na la pili liwe la asali ya Mbeere. Maji ya embe pekee hayana sukari ya kutosha, hufika asilimia nane tu au tisa, kwa hiyo yatahitaji asali au sukari kuongezwa. Kenya imewahi kutengeneza mvinyo wa papai katika miaka ya 1980, na watu waliunywa. Si mvinyo wa kushindana na Barossa. Ni wa kujifunzia usafi, joto, hewa na vitabu vya hesabu, kwa matunda ambayo tungeyatupa hata hivyo. Tukiharibu pipa la embe tumepoteza embe. Tukiharibu pipa la zabibu tumepoteza miaka miwili ya kungoja na mkopo juu yake.

Chama kikiweza kutoa mapipa mawili safi mfululizo, yaliyopimwa na kuuzwa, na kodi ikalipwa, hapo familia nne au tano zenye maji ya kudumu zipande robo ekari kila moja. Wapande aina mbili: Makutupora, kwa kuwa imezoea nchi kavu ya Afrika Mashariki, na Shiraz, ambayo ndiyo zabibu ya mvinyo mzito wa Barossa na nguvu yake yatokana na joto. Wanachama wawili watumwe kwanza Dodoma wakakae msimu mzima, si safari ya siku tatu ya kupiga picha. Waende Agosti. Wazungumze na wakulima waliofaulu, na zaidi wazungumze na wale walioshindwa, wawaulize walikuwa wakidaiwa kiasi gani lori lilipokosa kuja.

Serikali ya Kaunti ya Embu yaweza kutujibu maswali mawili katika ukurasa huu: je, iko tayari kujenga banda moja la mfano Ishiara kabla ya kugawa mche hata mmoja? Na je, leseni ya chama cha wakulima wanaokamua matunda yao wenyewe itakuwa sawa na ya kiwanda kikubwa? Msimu wa embe wakaribia, na kikamulio cha kapu hakichukui muda mrefu kuundwa.